Reki

Kila mawese yanapochemka jikoni kwangu, namkumbuka msichana wa Kirundi niliyekaa naye dawati moja. Alikuja na bibi yake kwa boti kupitia Kagunga, wakikimbia vita kwao, na vidole vyake vilinukia mawese hayohayo.

Tulikuwa tunajiandaa na mtihani wa Kiingereza. Mwalimu alinisifia matamshi. Yule msichana alipofika kwenye "lake" akasoma "reki", darasa zima likacheka, maana reki yetu ilikuwa ya kukusanyia majani uwanjani. Nilicheka kuliko wote.

Habari yenyewe ilihusu mtoto anayevuka ziwa kwa mtumbwi. Mwalimu akauliza kwa nini mtoto hakugeuka kutazama nyuma. Mimi mwenye matamshi nikatafuta jibu kwenye karatasi, sikuliona.

Yeye akajibu taratibu, "Mwalimu, ukigeuka unaona nani kabaki."

Mwalimu akamwekea mkono begani. Begani kwangu hakuwahi kuuweka.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Mama alikuwa jikoni anakaanga dagaa.

"Mama, kwa nini sisi hatujawahi kukimbia vita?"

Alinitazama mpaka dagaa wakaungua.