Ncha ya Rangi ya Chungwa

Kwa miaka thelathini, huko kaskazini mwa Minnesota, Reino Halvari alitengeneza fimbo fupi za kuvulia samaki kwenye ziwa lililoganda, akiwacheka wanaotazama ncha ikitikisika badala ya kumsikia samaki mkononi. Januari moja rafiki yake Orville aliingia karakanani na fimbo yake.

"Nipakie ncha rangi ya chungwa."

"Wewe mzee! Siku hizi unavua kwa macho kama watalii?"

"Vidole vimekufa, Reino. Samaki anakula chambo, mimi sina habari. Nisipoiona ncha ikicheza, basi, ziwa nimeliaga."

Reino hakucheka. Alipaka, na rangi ilipokauka akaishika fimbo, akampa Orville mwisho wa mshipi, akafumba macho ili aijaribu.

"Haya, vuta mshipi polepole."

"Nimeshavuta mara tatu."

Reino akaitungua fimbo yake mwenyewe ukutani, akachovya brashi kwenye rangi ya chungwa.