Kipande Chetu cha Ukuta wa Ndiva

Kila simu yako inapoita, mjukuu wangu, mimi hukumbuka asubuhi ile ambayo mshenga wa akina Elia alikataa kiti nyumbani kwetu Ndungu. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, viatu vimejaa vumbi la kushuka mlimani. Mama alipomsogezea kigoda akasema atakaa akishajibiwa swali moja. Bibi yake Elia anauliza, hawa watu wa binti wametoka wapi?

Mama akamjibu kwamba sisi ni wa hapa hapa Ndungu.

"Sawa, mama, lakini kabla ya Ndungu mlishuka kutoka wapi? Ukoo wenu ni upi?" Aliuliza kwa upole. "Bibi anaogopa asije akaozesha ndugu kwa ndugu. Msipojua, amesema posa isubiri. Na yeye akisema isubiri, inasubiri mpaka watu wanazeeka."

Mama akaanza kukifuta kigoda kile kwa upindo wa kanga, na mimi nikachungulia nyuma ya pazia.

Ngoja nikueleze kwa nini hatukuujua ukoo wetu. Babu yangu alishuka mlimani na watoto wadogo akaenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge. Akachukua nafasi ya mtu aliyeacha kazi, mtu aliyeitwa Mashaka, na mnyapara hakutaka usumbufu wa kubadilisha jina. Kwa hiyo babu akaitwa Mashaka, likamganda, likatuganda na sisi. Alikufa mapema. Baba yangu naye, ukimuuliza kwetu ni wapi, alikuwa akiinua kidevu kuelekea milimani tu, basi. Mlima ni mkubwa, mwanangu, na kidevu hakina kituo. Siku ya mshenga baba naye alikuwa amekwisha kufariki.

Na Elia nilikuwa ninampenda. Wewe umemjua akiwa babu mwenye kikohozi na redio, mimi nilimjua akiwa kijana anayetengeneza baiskeli pale Ndungu, mikono myeusi kwa grisi, akicheka peke yake. Ningemkosa, ningelia, kisha ningenyamaza. Kilichoninyima usingizi ni wazo kwamba huenda nimempenda kaka yangu.

Shangazi yangu Nakijwa, dada yake baba, akasema tusikae kulia, twende tukatafute. Tukafunga viazi vya kuchemsha kwenye kanga tukapanda kwa miguu. Kila nyumba tuliyopita tulitoa shikamoo, tukaitikiwa marahaba, kisha tukauliza kama wanafahamu ukoo wa Mashaka. Hakuna aliyefahamu. Wengine walituonea huruma, wengine walidhani tunatafuta mdeni. Wote walituambia tujaribu huko juu zaidi, na njia ya kwenda juu ilikuwa moja tu, ile inayokwenda kijijini kwa akina Elia. Nilianza kuomba kimyakimya tusipate kitu, tugeuze, na hapo hapo nikaogopa kwamba tusipopata, posa nayo imekwisha. Sikujua niombe lipi.

Tulipofika karibu na kijiji tukasikia pembe ikipulizwa. Ilikuwa siku ya msaragambo, ile kazi ya pamoja, na watu walikuwa wanasafisha ndiva. Ninyi wa mjini mnaziona kwenye picha mnadhani ni bwawa la bata. Ndiva ni bwawa lililozungushiwa ukuta wa mawe na udongo, linakusanya maji ya kijito, kisha linafunguliwa na maji yanakwenda mashambani kwa zamu. Ukuta wake umegawanywa. Kila ukoo una kipande chake cha kuzibua na kukandika, na watu walikuwa wamezama matope mpaka magotini, kila kundi kwenye kipande chake.

Shangazi akamwendea mzee aliyekuwa anasimamia zamu za maji. Wote walimwita Mzee wa Maji. Akamuuliza habari za Mashaka, baba yake, na za kaka yake marehemu.

Mzee yule alitukaripia mbele za watu. "Ninyi watoto wa tambarare mna matatizo. Mnachukua jina mlilopewa huko chini, mnakuja kuliuliza huku juu. Mimi huyo Mashaka nitamjulia wapi?" Kisha akaegemea jembe lake. "Niambie kitu alichokuwa akifanya marehemu kaka yako. Alikuwa akimwagilia maji?"

"Alikuwa analima mpunga."

"Alikuwa akifungua maji saa ngapi?"

Shangazi akafikiri. Akasema kaka yake alikuwa na kichekesho chake. Hata siku ambazo maji ya Ndungu yalikuwepo tele mchana kutwa, yeye aliamka alfajiri, akasimama kwenye mfereji, akaita, "Watu wa mwambani, mmemaliza?" Anasubiri kidogo, ndipo anafungua. Hapakuwa na mtu wala mwamba. Watoto tulikuwa tukimcheka. Yeye alisema ndivyo alivyofanya baba yake.

Mzee wa Maji hakucheka. Alinyoosha mkono kuelekea nyumba chache zilizojibanza chini ya mwamba mkubwa upande wa pili wa ndiva. "Watu wa mwambani ni wale pale," akasema.

Nyumba zile ndizo alizokuwa akinisimulia Elia. Ni kwao. Nikakaa palepale kwenye majani.

"Basi ni ndugu," shangazi akasema.

"Sijasema hivyo. Nimesema mlikuwa mkipokezana maji, na hata ndugu hupokezana. Tuangalie ukutani." Akaanza kutembea juu ya ukuta, sisi nyuma yake, huku akieleza bila haraka. Kati ya kipande cha ukoo mmoja na kipande cha ukoo mwingine wazee walizika jiwe la kusimama. Ukoo mmoja, hata ukiwa na nyumba nyingi namna gani, hauwekewi jiwe katikati. Sehemu yote ya upande wa mwamba ilikuwa ikitengenezwa na akina Elia kwa miaka mingi, mzee mwenyewe alikuwa hajui tena kama zamani ilikuwa kipande kimoja au viwili. Likiwepo jiwe, ni koo mbili. Lisipokuwepo, binti arudi nyumbani.

Akaanza kuchimba. Palikuwa na magugu na udongo mgumu uliokandikwa juu ya udongo. Wajomba zake Elia wakasogea kutazama, mmoja akanitambua akainamisha macho. Jembe liliingia kwenye tope, likaingia tena kwenye tope. Mzee akasogea, akachimba, akatikisa kichwa, akasogea tena. Mwanangu, nimezaa, nimezika, nimemuuguza babu yako, lakini sijapata tena kusikiliza kitu kama nilivyolisikiliza jembe lile. Nilimshika shangazi mkono mpaka akaniambia namuumiza.

Kisha likagonga. Mzee akapiga magoti akafukua kwa vidole. Jiwe lilikuwa limesimama, limefunikwa lote kwa matope, na kichwa chake kimechongwa na mikono ya watu.

Niliangua kilio, na sikujali nani ananitazama.

Wakati huo bibi yake Elia alikuwa anateremka na sufuria ya makande ya wafanyakazi. Alikuta watu wamelizunguka jiwe. Akaambiwa. Alilitazama kwa muda, akanitazama mimi, na nikashangaa kuona yeye ndiye anayeogopa sasa.

"Wale walioshuka," akasema taratibu. "Marehemu mume wangu alikuwa akitengeneza kipande chao ili maji yasipasue ukuta. Na kiwanja chao pale juu kwenye masale ya mpakani, na shamba lao, tunalima sisi tangu walipoondoka. Mmekuja kulichukua?"

"Tumekuja kujua kama mtoto huyu anaweza kuolewa," shangazi akamjibu.

Bibi akaweka sufuria chini. Akavua kanga ya kiunoni akanifuta matope usoni, kwa nguvu, kama anasugua chungu. "Basi aolewe," akasema. "Atakuja kulilima mwenyewe."

Ndivyo nilivyorudi kwetu, mwanangu, kwa mlango wa mbele na kwa mahari. Nyumba hii ambayo jogoo wake unamsikia kwenye simu imejengwa nyuma ya ua wa masale yale yale aliyoyapanda babu wa babu yangu. Jina halisi la babu yangu niliambiwa baadaye na Mzee wa Maji, nitakutajia ukija.

Sasa juzi wewe umenipigia, kwamba wakwe zako watarajiwa wanakuuliza kwenu ni wapi, nikutumie lokesheni. Nimeichukua hiyo simu nikaigeuza geuza, sijaona mahali pa kubonyeza. Na hata ningepaona nisingebonyeza. Msaragambo unakaribia na magoti yangu hayapandi tena ukutani. Mwaka jana kipande chetu kilitengenezwa na majirani, na vijana wa siku hizi wanakandika tu bila kuuliza mpaka uko wapi. Usiku nawaza jiwe lile linavyozama. Likizama na mimi nikaondoka, mjukuu wako atakuja hapa na jina la Dar es Salaam, ataambiwa ajaribu huko juu zaidi.

Kwa hiyo nakuambia wazi. Ukitaka kujua ulikotoka, usiishie kuuliza majina, majina watu wameyabadilisha kwa sababu zao. Uliza wazee wako walikuwa wakifanya nini, walikuwa wakisema nini wakifanya kazi, hata yale mnayoyacheka. Uliza mapema, mtu angali na sauti. Na ukifika usianze kuuliza shamba ni la nani. Shika jembe kwanza, wakuone.

Njoo na huyo mchumba wako. Muwe na viatu vya kuchafua.

Mungu akushushie mvua ya kiasi, akupe mwenza anayekusubiri umalize zamu yako, na majirani wanaotunza upande wako ukiwa mbali. Na siku utakaposimama alfajiri ukaita, awepo mtu wa kukuitikia.