Matofali Mabichi ya Baba

Baba yangu alifyatua matofali elfu nne kwa ajili yangu, na mimi nikayaacha yakanyeshewa. Nimejaribu kulisema jambo hili kwa njia nyingi, nyingine zenye kuniokoa kidogo, lakini zote zinaishia hapo.

Alikuja kwangu Bunia baada ya watu wa kijiji chake, upande wa Irumu, kukimbia vita. Mama alikuwa ameshafariki. Nilikuwa nimepanga vyumba viwili mtaa wa Mudzipela, nikifundisha darasa la nne, na nilikuwa na kiwanja kidogo jirani na hapo, cha nyumba niliyokuwa nikiizungumzia mwaka wa sita sasa. Baba alikuwa amelima maisha yake yote. Sasa alikaa uani kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya magoti, akitazama wapita njia. Wiki ya tatu uvumilivu ulimwishia. Akaazima kalibu ya mbao kwa jirani, akaanza kuchimba udongo kwenye kiwanja changu, na kiangazi chote akawa anatoka alfajiri kwenda kufyatua. Jioni alirudi ana matope mpaka kwenye nyusi, akilalamikia mgongo kwa sauti ya mtu anayejisifu.

Aliniomba kitu kimoja tu. Tofali bichi ni udongo uliokauka, na lisipochomwa, mvua moja inalirudisha lilikotoka. Tanuru linataka kuni nyingi, na kuni za mikaratusi zilikuwa zikiletwa mjini na mtu mmoja mwenye lori, aliyekuwa akiegesha karibu na soko, mwendo wa dakika kumi kutoka shuleni kwangu. Malipo yake nilikuwa nayo tayari. Kazi yangu ilikuwa kwenda kumwambia siku ya kuzileta.

Niliifanya kazi hiyo kwa bidii kubwa, ndani ya daftari. Mimi ni hodari wa daftari. Nilichora ramani ya nyumba kwa kalamu za rangi nne na kuuhamisha mlango wa jikoni mara tatu. Kwenye simu nilisikiliza watu wanaofundisha jinsi ya kuacha uzembe, nikaandika maneno yao na kuyapigia mstari. Kila Jumatatu niliandika juu ya ukurasa, "Mtu wa lori", na kila Ijumaa nililihamishia jina hilo ukurasa unaofuata, kwa mwandiko safi. Njiani kutoka shuleni nilikata kona kabla ya soko. Nilijiambia nimechoka, au jua ni kali, au kesho ni bora.

Siku hizi nadhani nilikuwa naogopa. Nyumba ya kwenye daftari haikuwa na ufa hata mmoja, na watu waliniita mwanamke mwenye mipango. Kuni zikifika, tanuru litawashwa, na tanuru likizimika itabidi nijenge kweli, na watu waone ninavyoshindwa. Lakini huo ni ufafanuzi niliouokota baadaye. Wakati ule nilikuwa nakata kona tu.

Jioni moja tukila, Baba akauliza habari za kuni. Nikamwambia nilifika, ila lori limeharibika. Ningeweza kuishia hapo. Nikaongeza kwamba ni gia, na kwamba kipuri kinangojewa kutoka Uganda. Baba akamhurumia sana yule mtu, akasema ni vigumu kulisha watoto gari likiwa limelala. Nilikata tonge lingine la ugali, nikachovya kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo, nikala. Mpaka leo nashangaa kwamba lilipita kooni.

Siku zilizofuata hakuniuliza tena. Nilishukuru, tena sana. Niliona amekuwa mpole, anakata majani na kuyafunika matofali vizuri zaidi, na nikadhani ametulia.

Mvua haikungoja mwezi wa tatu. Ilianza mchana, nikiwa ubaoni nafundisha kugawanya. Bati la darasa lilipiga kelele mpaka sauti yangu ikapotea, na watoto wakafurahi, kwa sababu mvua ya namna ile ni likizo. Mimi nilishika chaki huku nikijua kabisa kinachotokea kiwanjani. Nilimwomba mwenzangu wa darasa la tano aniangalizie watoto, nikatoka mbio.

Nilimkuta Baba amesimama katikati ya matofali yake, ameloa mpaka mifupani. Alikuwa ametandika juu ya matofali turubai letu, mkeka wa kitandani kwake, na koti lake la ibada. Havikufunika hata robo. Sehemu nyingine zilikuwa zimeshalainika na kuegemeana, nyingine zilikuwa tope jekundu linaloteremka kuelekea barabarani. Nilianza kusema samahani na yeye akanizuia kwa mkono.

"Udongo haikuenda mbali," akasema. "Iko hapa. Tutapiga tena."

Nilitamani anigombeze. Kama angenitukana mbele ya majirani waliojikinga kwenye vibaraza vyao, ningepata pa kushika. Badala yake aliniambia niende kubadilisha nguo, nisije nikapata homa.

Kesho yake, baada ya shule, nilitembea dakika zile kumi. Lori lilikuwepo, zima kabisa, linashusha kuni. Nilijitambulisha kwa mwenyewe, nikamwambia mimi ni binti wa nani. Alinitazama kwa aibu, kana kwamba kosa ni lake.

"Madame, muzee yako alipita hapa mara mbili," akasema. "Aliniuliza kama gia ilifika. Nikamuambia kamyo yangu haina ubaya. Akaniomba, mutoto yake akikuja, nisimuambie kama alipita."

Mara mbili. Mara ya kwanza kumpa pole mtu wa lori, na mara ya pili, nadhani, kuona kama nimekwisha kwenda. Nilipanga naye kuni za kiangazi kijacho palepale, kabla hata ya tofali moja kufyatuliwa, nikarudi nyumbani nikiwa na maneno ya kumwambia Baba. Sikuyasema. Nikasema nitayasema Jumapili.

Mwezi wa kumi na mbili mgongo wa Baba haukuweza kuinama tena. Nikaichukua kalibu mimi. Sikuandika kitu mahali popote. Nilijiwekea matofali kumi tu kabla ya kwenda shule, kwa sababu kumi hata mvivu hawezi kuyakataa, na asubuhi nyingi kumi yakawa arobaini kwa kuwa mikono ilikuwa imeshachafuka. Zilikuwepo asubuhi nilizolala, na kesho yake nilianza tena na kumi. Baba alikaa kwenye kiti chake cha plastiki akiniambia tope langu ni jepesi mno. Wanafunzi walizicheka kucha zangu zilizojaa udongo. Mwisho wa mwezi wa pili tulipanga tanuru, tukalipaka udongo, kuni zikafika siku ileile tuliyopatana.

Hilo niliweza. Lile lingine, la mdomo tu, lisilohitaji kalibu wala lori, nililiahirisha mwaka mzima. Asubuhi ya pili ya moto tulikuwa wawili peke yetu mbele ya mdomo wa tanuru, na joto lilikuwa likinipiga usoni, na nikaona aibu kuendelea kukaa pale na uongo wangu.

"Papa," nikasema, "mwaka ule sikuenda kwa muntu ya kamyo. Na kamyo haikuharibika."

"Nilijua, mama."

"Juu ya nini basi haukuniuliza tena?"

Alisukuma gogo ndani kwa mti mrefu, akangoja lishike moto.

"Niliogopa utanidanganya mara ya pili," akasema.