Anayelowesha Hewa Ili Bimkubwa Apumue

Asubuhi, wenye nyumba wakiwa wameshuka kunywa chai, Felisia Mgaya anausukuma kwa kiwiko mlango wa chumba cha ghorofa ya nne. Mikono yake yote miwili imeshika beseni la maji. Kabla ya kumsalimu mgonjwa aliyelala kitandani, anatupa jicho ukutani, kwenye kipimo kidogo cheupe kinachoonyesha unyevu wa hewa.

"Thelathini na moja," anasema, kama anayeongea na beseni. "Upepo wa kaskazini umerudi."

Kwa watu wengi, namba hiyo haina maana yoyote. Kwa Felisia ni habari mbaya. Anaweka beseni chini, anajaza mashine mbili za mvuke kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha anakamua mataulo na kuyatandaza juu ya migongo ya viti. Nguo alizofua, ambazo nyumba nyingine zingeanikwa barazani, anazitundika humu humu ndani kwenye kamba. Dirisha amelibandika karatasi ya gundi pande zote.

Ndipo anapoinama na kuweka sikio karibu na shingo ya mgonjwa. Hapo, chini kidogo ya koo, pana tundu lenye mrija mfupi, na pumzi yote ya mwanamke huyu inaingilia na kutokea humo.

"Akikoroma, kuna makohozi, nayafyonza kwa mashine," anaeleza. "Akipiga mluzi, ujue pamekauka. Huo mluzi ndio ninaouogopa."

Mgonjwa ni Bimkubwa Ghalib, mwenyeji wa Unguja, mwenye umri wa miaka sabini na moja. Aliletwa Guangzhou, China, na binti yake, Fathiya, kutibiwa saratani ya koo. Madaktari waliiondoa saratani pamoja na kisanduku cha sauti. Tangu hapo hakusema tena, wala pua yake haikupitisha tena hewa.

Na pua, Felisia alikuja kufundishwa na wauguzi, ndiyo inayoilowesha hewa kabla haijafika kifuani. Asiye nayo lazima aloweshewe na mtu mwingine.

Wanaoujua mji huu kwa kiangazi chake hushangaa kusikia kwamba una ukame wa aina yoyote. Ni mji ambao mwezi wa nne kuta hutoa jasho na viatu huota ukungu kabatini. Lakini Desemba na Januari upepo wa kaskazini hushuka, midomo hupasuka, na katika nyumba kubwa kama hii iliyopo wilaya ya Baiyun, viyoyozi hupuliza joto kutwa. Chini, penye jiko na stoo, sakafu hutoa unyevu wake na mtu hasikii shida. Kadiri unavyopanda ngazi, ndivyo ulimi unavyonata kinywani.

Bimkubwa alichagua mwenyewe kukaa juu. Alipenda jua la dirishani, na hakupenda kelele za mafundi wa kufunga mizigo ya mkwewe huko chini.

Felisia, miaka thelathini na minane, mzaliwa wa Makambako, hakuja China kuuguza mtu. Alikuja kununua nguo za watoto pale Sanyuanli, mtaa wa masoko ya jumla, yeye na mwenzake, Joyness. Biashara ilipoyumba, Joyness aliendelea kuhangaika na Felisia akaajiriwa na Nassor, mume wa Fathiya na msafirishaji wa mizigo, kukagua bidhaa katika ofisi yake ya Tianxiu, jengo la wafanyabiashara wa Kiafrika.

"Dada Fathiya alinifuata pale ofisini," anakumbuka. "Akaniambia, 'Felisia, mie lile tundu siwezi hata kulitazama. Wewe una moyo. Nisaidie kwa mamangu.' Nikasema sawa, nikidhani ni wiki chache."

Alifundishwa hospitalini namna ya kuuchomoa mrija wa ndani, kuusafisha na kuurudisha. Mshahara wake ukawa yuan elfu nne kwa mwezi, na zaidi ya nusu huenda Makambako kwa mama yake na mwanawe, Abeli.

Siku hizo Bimkubwa alikuwa akitembea. Alikuwa akicheka bila sauti, mabega yakitikisika. Alizungumza kwa midomo, na Felisia akajifunza kuisoma. Akitaka kitu alipiga makofi. Felisia alipojaribu kumpikia urojo, bibi alionja, akatikisa kichwa, akashuka ngazi zote hadi jikoni kuukoroga upya mwenyewe.

"Alikuwa ananigombeza kwa midomo tu," Felisia anasema, na kwa mara ya kwanza anatabasamu. "Nikamwambia, Bibi, hata ukinitukana sisikii."

Kisa chenyewe kilitokea Januari ya mwaka jana.

Chumba cha jirani, ghorofa hiyo hiyo ya nne, Nassor alikuwa ameweka magauni ya harusi na shela, mzigo wa wateja wa Dar es Salaam uliosubiri kusafirishwa kwa ndege. Asubuhi moja akafungua boksi na kukuta shela zina madoa ya ukungu. Mvuke wa chumba cha mgonjwa ulikuwa unapenya chini ya mlango na kutua kwenye ukuta wa baridi.

Felisia anayakumbuka mazungumzo yao pale koridoni.

"Zima hizi mashine," Nassor alimwambia. "Mzigo wa watu unaoza."

"Kaka Nassor, bibi atakauka."

"Kesho kutwa mzigo unatoka. Siku mbili tu. Mpe maji ya kunywa."

"Maji ya kunywa hayapiti kwenye mrija, kaka. Tuhamishe maboksi chini."

"Chini kumejaa. Felisia, nimesema zima."

Akazima. Alibakiza mataulo, akayalowesha kila yalipokauka. Siku ya pili Nassor akamtuma Sanyuanli kuhesabu suruali katika ghala la tajiri wa Kichina, kwa kuwa mkaguzi wake alikuwa anaumwa. Fathiya alibaki nyumbani. Baridi ilikuwa imezidi siku ile, na yeye, kwa mapenzi ya mtoto kwa mzazi, alipandisha joto la chumba cha mama yake hadi mwisho, akamfunika blanketi, akashuka chini kuzungumza na wateja kwa simu.

Hakujua kwamba alikuwa anaikausha hewa ileile ambayo mume wake alikwisha kuinyima maji.

Felisia alirudi alasiri. Anasema alipofika ghorofa ya tatu alisikia kitu kinagonga, polepole, kikasita, kikagonga tena. Alipanda akikimbia. Bimkubwa alikuwa ameteleza hadi sakafuni kando ya kitanda, kikombe cha plastiki mkononi, anapiga ukuta. Kucha zake zilikuwa za buluu.

"Nyumba ni kubwa, na kikombe ni cha plastiki," Felisia anasema. "Nani angesikia? Na sauti hana."

Aliuvuta mrija wa ndani. Ulikuwa umezibwa na kitu kigumu, cha rangi ya kahawia, kama utomvu uliokauka kwenye gome. Alidondoshea maji ya chumvi, akafyonza, akadondoshea tena, akapiga kelele za kuomba gari la wagonjwa. Kifua cha bibi kilipoinuka, macho yake yalikuwa wazi lakini hayakumtazama mtu.

Hospitalini, daktari alieleza kwamba ubongo ulikaa bila hewa kwa muda mrefu mno. Fathiya alitafsiri maneno hayo kwa sauti, neno moja moja, kisha akamgeukia Felisia mbele ya watu wote.

"Ulikuwa wapi we? N'nakuuliza, ulikuwa wapi? Nimekukabidhi mamangu!"

Nassor alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale.

"Nilimtazama," Felisia anasema. "Nikasubiri aseme. Akatazama viatu vyake. Basi na mimi nikanyamaza."

Kwa nini hakujitetea? Anakunja taulo ambalo tayari limekunjwa.

"Yule dada alikuwa ameshampoteza mama siku ile. Ningemwambia na habari ya mume wake, angebaki na nani?"

Alifukuzwa jioni ileile. Joyness akampokea katika chumba chake Sanyuanli, mtaa wa nyumba zilizobanana hadi majirani wanapeana chumvi kupitia dirishani. Joyness, ambaye bado anauza nguo, anasema rafiki yake hakulia.

"Alikuwa anaamka anaweka sikio kwenye shingo yangu," anasimulia. "Nikamwambia, we Felisia, mimi ni Joyness, napumua vizuri. Lala."

Wiki zikapita. Bimkubwa alirudishwa nyumbani, na muuguzi wa kukodi akaacha kazi. Siku moja Nassor akatokea mlangoni kwa Joyness. Hakuketi. Alimwambia Felisia kwamba amekwisha kumweleza mke wake kila kitu: mashine, magauni, Sanyuanli. Fathiya hakupiga kelele. Alihamia chumba cha mama yake na godoro lake, na tangu siku hiyo wanandoa hao huongea mambo ya dawa na chakula tu.

"Hakuniomba nirudi," Felisia anasema. "Alisema, 'Hakujua kuusikiliza mluzi.' Yule muuguzi aliyeacha, alimaanisha. Na wao pia hawajui. Nikavaa koti."

Joyness alimkataza. Alimwambia watu waliomtupa mara moja watamtupa tena.

"Sikurudi kwa ajili yao," Felisia anasema. "Nilijua tu kwamba mahali fulani yule bibi anavuta hewa kavu."

Ghorofa ya nne sasa haina boksi hata moja. Chumba cha jirani kiko tupu. Madoa ya ukungu yamepanda ukutani hadi dari, na hakuna anayeyafuta, maana Felisia anachunga upande mmoja tu: maji yakizidi, kuta zinaharibika, yakipungua, shingo inaziba. Mashine huzisafisha kwa siki, kwa sababu uchafu wowote utakaoruka na mvuke utaingia moja kwa moja kifuani.

Wakati wa mahojiano haya hatua nzito zinasikika ngazini. Ni Nassor, mikono ya shati ameikunja, amebeba ndoo mbili za maji yaliyochemshwa kutoka jikoni. Kule Tianxiu wenye maduka humwita "laoban", yaani bosi, na ana wafanyakazi wa kutosha kubeba ndoo. Anaziweka kando ya mlango, haingii. Akiulizwa kama angependa kuongea, anatikisa kichwa.

"Muulizeni Felisia," anasema. "Atakalolisema yeye ndilo."

Anashuka. Kitandani, Bimkubwa anatazama dari. Upande wake wa kulia hausogei. Fathiya anapoingia na kumbusu paji la uso, hakuna kinachobadilika katika uso huo.

"Bado nampigia makofi," Fathiya anasema. "Kama alivyokuwa akitupigia yeye. Labda siku moja atageuza macho."

Familia sasa imeamua kumrudisha Unguja baada ya sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina. Daktari ameonya kwamba hewa ya ndani ya ndege ni kavu kuliko ya chumba chochote cha Guangzhou, na kwamba safari yenyewe inaweza kumuua. Amekubali kwa masharti: kifuniko maalumu cha kutunza unyevu juu ya tundu, maji ya chumvi ya kudondoshea, mashine ya kufyonza, na mtu anayejua asiyesinzia njia nzima.

Mtu huyo ni Felisia. Ameshaomba siti iliyo karibu na shingo ya bibi.

Fathiya ana hofu nyingine zaidi ya ile ya njiani. "Hatojua kama kafika kwao," anasema. "Hata mie hanijui, atajua Unguja? Hata harufu ya bahari hainusi tena."

Felisia anabadilisha taulo lililokauka kitini, analichovya, analikamua nusu. Kipimo cha ukutani kimepanda hadi arobaini na tatu. Anasikiliza tena shingoni, muda mrefu, kabla ya kujibu.

"Mapafu yatajua, dada. Hewa ya kwenu ina maji yake."

Baada ya hapo, anasema, atapanda basi la Makambako. Abeli alikuwa anamfika kiunoni alipomwacha. Kwenye picha za simu sasa ana ndevu za kwanza. Anataka kulala nyumbani kwake, kwenye ukungu na baridi ya kule, bila kusikiliza pumzi ya mtu yeyote.

"Lakini kwanza nimfikishe," anasema. "Nimkabidhi kwa dada zake mkononi, anapumua. Nikishaona anapumua bila mashine yangu, nitajua naweza kuondoka."