Ugonjwa Una Mwenyewe

Juzi redioni mwanasheria mmoja alikuwa akiuliza kama serikali ina haki ya kumlazimisha raia kununua bima ya afya. Niliinuka kwenye cherehani nikaizima. Mteja aliyekuwa akisubiri gomesi yake, lile vazi la heshima la wanawake wa Kiganda, alishangaa, maana alikuwa akisikiliza. Nikamwambia betri zimekwisha. Redio yangu ni ya umeme, na waya aliuona. Wateja wangu wananijua.

Swali lile mimi nililijibu zamani, mbele ya watu, kwa sauti ya juu, na nikapigiwa vigelegele. Sijapigiwa tena tangu siku hiyo, wala sitaki.

Tulikuja Kampala kutoka magharibi mwa Kenya miaka michache baada ya vita vya themanini na sita. Mume wangu alikuwa fundi seremala. Nyumba nyingi zilikuwa zimeng'olewa milango na madirisha, na mtu aliyejua kutengeneza fremu iliyonyooka hakukosa kazi. Tulipanga chumba Nateete, nyuma ya soko, na kabla hatujamaliza kushusha magodoro jirani alituuliza swali ambalo sikulielewa: mtaingia munno mukabi gani?

Sisi tunasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Waganda nao wamelifanya neno hilo kuwa chama, na munno mukabi ndiyo maana yake, rafiki wa wakati wa shida. Kila mtaa una wake. Mnachanga kila mwezi, na siku mmoja wenu akifiwa, chama kinaleta hema, viti, masufuria ya kupikia umati, kuni na jeneza. Wanawake mnakuja na gomesi zenu kumenya ndizi tangu alfajiri. Hakuna aliyekuuliza kama unapenda kujiunga. Aliyekataa aliambiwa, kwa upole kabisa, kwamba siku yake ikifika atajibeba mwenyewe hadi kaburini. Tukaingia. Sikumbuki kama nililalamika kwamba nimelazimishwa.

Mwenyekiti alikuwa Nnalongo. Hilo ni jina la heshima la mama aliyezaa mapacha, na hatukumwita vingine. Aliuza mkaa Nateete na alikuwa na kibanda kingine, cha dada yake, katika soko la Bwaise. Yeye ndiye aliyenifundisha Kiganda, akinicheka kila nilipokosea. Ndiye aliyenionyesha namna ya kushona mabega ya gomesi yasimame badala ya kulala kama masikio ya mbuzi mgonjwa, na kazi hiyo ndiyo iliyonilisha mpaka leo. Nilimpenda. Nalisema waziwazi ili mtu asidhani nilikuwa na kinyongo naye tangu mwanzo.

Basi mwaka mmoja, wakati maneno ya bima ya taifa yalipoanza kuvuma, akaja afisa wa afya mtaani kwetu. Alisema ipo siku sheria itamtaka kila mtu awe na bima, lakini wakati tunaisubiri, hospitali moja ndogo ya misheni kule Kasubi ilikuwa tayari kuvipokea vikundi kama chetu. Tungechanga kidogo zaidi, na mwanachama akiugua angetibiwa kwa kadi, hata kupasuliwa. Sharti lilikuwa moja tu. Kikundi kiingie chote, wazima na wagonjwa, au kisiingie kabisa. Wakiingia wagonjwa peke yao, alisema, chungu kitakauka kabla ya Krismasi.

Siku mbili kabla ya mkutano Nnalongo alikuja kibandani kwangu. Alikaa kwenye benchi la wateja, akakataa chai, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Mukwano, rafiki yangu, wewe iko na mdomo," alisema. "Wakenya na Wakongo wanasikia wewe. Hii mambo ya bima, serikali inataka kula kikundi yetu. Watu wakilipa kule, hapa watalipa nini?"

"Na mtu akiugua?"

"Akiugua, sisi iko wapi? Nitafungua kasha mimi mwenyewe. Wewe na bwana yako munaogopa nini, na Nnalongo iko?"

Kasha la michango lilikuwa la bati, na funguo zake alizifunga kwenye mshipi wa gomesi yake. Alizigusa alipokuwa akisema. Mimi mtu akinisifu mdomo, hakuna kazi nisiyoifanya. Nikamwambia aniachie mimi.

Mkutano ulifanyika Jumamosi alasiri kwenye uwanja wa shule. Afisa alieleza kwa subira. Kisha akasimama mama mmoja Mkongo, mkimbizi kutoka Bukavu, aliyekuwa akiuza vitenge karibu na steji ya teksi. Kwao alikuwa msaidizi wa wauguzi. Hakuwa msemaji, na aliongea akiitazama mikono yake.

"Miye nilikuwa naosha bagonjwa," alisema. "Batu banakufaka na kitu kadogo tu, juu hakuna wa kulipa. Lazima haiko mubaya. Hata mutoto, si banamulazimisha kunywa dawa?"

Watu wakacheka, kwanza kwa ile lugha yake, kisha kwa kufananishwa na watoto. Nami nilicheka. Halafu nikasimama.

Nilisema kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kiganda. Nilisema kifo ni cha wote, ndiyo maana tunakichangia wote, lakini ugonjwa una mwenyewe. Nikauliza nani hapa anataka kulipia tumbo la mlevi. Nikasema kulipia ugonjwa kabla haujaja ni kuutumia nauli. Hapo ndipo vigelegele vilipopigwa, na nikaona meno ya Nnalongo yote. Nikamalizia kwamba serikali iliyoshindwa kuzibua mtaro wetu isije kunifundisha namna ya kuugua. Hata afisa alitabasamu, maskini.

Kura zetu zilikuwa za mstari. Hatukuandika karatasi, mtu unasimama nyuma ya unayemuunga mkono, hadharani, kila mtu akuone. Wanaotaka bima walipangwa nyuma ya mama Mkongo, wasiotaka nyuma yangu. Nyuma yake walisimama watu saba, wengi wao wazee. Nyuma yangu mstari ulikwenda hadi kwenye choo cha shule. Mtu wa kwanza kabisa kuja nyuma yangu alikuwa mume wangu. Aliniwekea mkono mmoja begani. Mwingine alikuwa ameushikilia kwenye mkanda wa suruali, nami sikujiuliza kwa nini.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani alisema, "Umesema vizuri."

"Najua."

"Lakini ungeniuliza kwanza."

"Nikuulize nini?"

Akasema mvua inakuja, tuongeze mwendo.

Alikuwa na ngiri. Alikuwa nayo muda mrefu, tangu alipobeba boriti za kanisa moja peke yake, na aliibana kwa mkanda mpana wa ngozi alioukata mwenyewe karakanani. Mimi ninayewapima watu viuno kila siku nilidhani ni mkanda wa kazi. Wanaume wetu ugonjwa wa sehemu ile hawausemi, hata kwa mke. Daktari wa Kasubi alikuja kuniambia baadaye kwamba ingekuwa operesheni ndogo, ya asubuhi moja, mtu anarudi kwake akitembea.

Miezi kama minane ikapita. Asubuhi moja alishindwa kuinuka. Tumbo lilikuwa gumu, anatapika, na jasho lake lilikuwa baridi. Nilimpeleka Kasubi kwa sababu ndiyo hospitali iliyokuwa na daktari wa upasuaji siku hiyo. Daktari alimgusa mara moja tu, akaniambia utumbo umenyongwa, apasuliwe leo hii. Karani akauliza kama tuna kadi ya kikundi. Nikasema hatuna. Akataja kinachohitajika kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, bila ukali, kwa namna ya mtu anayetaja bei ya nyama. Sikukasirika. Nilijua nyumbani kwa Nnalongo kuna kasha la bati.

Nilimkuta anapanga mkaa kwenye makopo. Nilimweleza yote. Hakuacha kupanga.

"Mukwano, pole sana," alisema. "Lakini kitabu ya kikundi inasema kufa. Haisemi kuugua."

"Uliniambia utafungua kasha."

"Nikifungua kwako, kesho wote watakuja. Na wewe mwenyewe ulisema, mbele ya watu wote. Ugonjwa una mwenyewe."

Alilisema kwa Kiswahili safi, herufi kwa herufi, yeye ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota sokoni. Nilisimama pale na mdomo wangu maarufu. Mdomo uliponza kichwa, wanasema, ila wangu ulikiacha kichwa changu mahali pake ukaponza cha mwenzangu. Aliniongezea ndizi za kumpikia mgonjwa. Nilizipokea. Hilo nalo linaniuma hadi leo, kwamba nilizipokea na kusema asante.

Nilipeleka cherehani yangu kwa mwenye duka la vitambaa nikaiweka rehani, nikazunguka kwa Wakenya wenzangu, na niliporudi Kasubi jua lilikuwa limeshainama. Kwenye benchi la mapokezi alikaa binti mkubwa wa Nnalongo na mtoto mwenye homa. Mkononi alikuwa na kadi ya kijani. Karani aliitazama, akaandika kitu, akamwonyesha mlango wa daktari. Haikuchukua dakika mbili.

Nilimuuliza kadi ile ameipata wapi.

"Ya maama," alisema, bila hila yoyote, akinisogezea nafasi nikae. "Kikundi ya soko la Bwaise. Sisi wote tuko ndani, nyumba nzima. Ni tangu mwaka jana."

Mwaka jana ndio mwaka wa mkutano wetu. Yule mama alikuwa ameketi kwenye benchi langu, amekataa chai yangu, ameniomba niiue bima ya mtaa mzima, na watoto wake wote wana kadi. Kikulacho ki nguoni mwako. Nguo zake zote nilikuwa nimemshonea mimi.

Mume wangu aliingizwa chumba cha upasuaji jioni ile. Daktari alifanya alichoweza, nami sina neno naye. Kesho yake mchana, wakati nimekwenda kuteka maji ya kumfutia uso, alikata roho.

Na hapo munno mukabi ikaja. Kabla sijamaliza kulia hema lilikuwa limesimama. Viti vikapangwa, masufuria yakatelekwa, kuni zikaletwa kwa mkokoteni. Jeneza lilikuwa la mvule, lina vishikio vya shaba, mbao ambayo marehemu aliitamani maisha yake yote na hakuwahi kupewa kuifanyia kazi. Kwa kuwa sisi hatuziki ugenini, chama kilikodi basi zima la kumsafirisha hadi kwetu Kenya na waombolezaji wake. Kisha, kama ilivyo desturi, katibu akasimama mbele ya watu na kusoma alichotoa chama, kimoja kimoja, na watu wakapiga makofi. Sikuhitaji kujua hesabu. Bei ya basi peke yake ingetosha kumpasua mara mbili.

Nnalongo alivaa gomesi ya misiba niliyomshonea mwenyewe, na mabega yalisimama vizuri. Alilia kuliko ndugu zetu. Ulipofika wakati wa kunishika mkono, nilimvuta karibu nikamuuliza, kwa sauti ya chini, kama kadi ya Kasubi anayo.

Hakuona haya. Alinitazama kwa huruma ya kweli, na hiyo ndiyo iliyonichoma zaidi.

"Kule walilazimisha watu, mukwano," alisema. "Kila mtu wa soko. Ningefanya nini?"

Mama Mkongo alikuwepo pia, nyuma kabisa, akiosha sahani. Hakunisogelea kuniambia chochote kuhusu siku ile ya uwanjani. Nilitamani aniseme, ili nipate wa kugombana naye.

Nnalongo bado yuko, mzee sasa, na mimi bado namshonea. Nimemsamehe Jumapili nyingi, na kila Jumatatu naanza upya. Kuhusu serikali, iwe na haki ya kunilazimisha au isiwe nayo, wanasheria na wabishane, betri ni zao. Usaliti wa Nnalongo nimeuzoea kama kidonda cha zamani. Usiozoeleka ni ule mwingine. Mume wangu alikuwa amesikia kila neno la afisa siku ile, na ngiri aliijua, na mama Mkongo alikuwa amesimama hatua kumi tu kutoka kwetu, na watu wake saba. Angevuka kwenda kwao ningemwona. Alikuja akasimama nyuma yangu, wa kwanza kabisa, ili mke wake asiaibike.