Mke wa Mwalimu Ajifunza Kugeuza Gari

Wanafunzi walimwita Mwalimu Vioo, kwa sababu neno hilo lilikuwa halimkauki mdomoni: angalia vioo, umeangalia vioo, vioo havikuwekwa ujitazame nywele. Alikuwa amefundisha udereva miaka mingi katika gari lile lile dogo jeupe lenye breki ya pili upande wake, na kazi hiyo ilimzoeza kutomwamini mtu. Anayewasha indiketa, alisema, hajaahidi kitu. Anayekupungia mkono upite, jiulize kwanza anataka nini. Hata wapaka rangi wa barabarani alikuwa na kesi nao. Mistari imefifia siku hizi, alilalamika, hawa jamaa wanazimua rangi kwa maji na nyingine wanapeleka makwao.

Kwa hiyo mkewe, fundi cherehani ambaye hata na baiskeli hawakuwahi kuelewana, alipotangaza mezani kwamba anataka kujifunza kuendesha gari, Mwalimu aliacha kutafuna.

"Uende wapi?"

"Popote."

Hilo "popote" lilimnyima raha. Watoto walikuwa wameshaoa na kuolewa, kila mmoja na mji wake. Nyumbani walibaki wawili tu, na sasa mmoja alitaka usukani. Akaanza kumchunguza. Alimkuta akinong'ona kwenye simu na dada yake, na alipoingia tu, maneno yakageuka yakawa ya vitambaa. Siku nyingine alirudi mchana bila taarifa, akakuta cherehani imefunikwa na mwenyewe hayupo. Mkewe aliporudi alisema alikwenda kununua uzi. Uzi wenyewe haukuonekana. Anataka kuniacha, Mwalimu alijiambia kwa uchungu, na mimi ndiye ninayemfundisha namna ya kuondoka.

Alimfundisha hivyo hivyo, kwa ukali. Somo la asubuhi ile lilikuwa kugeuza gari na kurudi walikotoka, kwenye barabara pana nyuma ya maghala.

"Nitajie wapi huruhusiwi kugeuza."

"Kwenye kona. Juu ya kilima. Kwenye kivuko cha waenda kwa miguu. Penye mstari usiokatika, na penye kibao cha kukataza."

"Na pasipo na kibao?"

"Nisigeuze kama mwenzangu atalazimika kufunga breki kwa ajili yangu."

Alijibu vizuri mno. Mwalimu akajiuliza ni nani mwingine anayemfundisha.

Walifika mahali barabara iliponyooka. Mkewe akatazama vioo, akawasha indiketa, akapunguza mwendo hadi akasimama karibu na mstari wa kati. Akageuza shingo kutazama pale vioo visipofika, kisha akatazama mbele. Lori moja likapita. Mwalimu naye akatupa jicho mbele na nyuma.

"Njia nyeupe. Geuza."

Mkewe hakugeuza.

"Geuza, mama. Au unangoja kadi ya mwaliko?"

Mkewe alikuwa amekanyaga breki mpaka mwisho. Pikipiki yenye kreti nyuma ikawapita kwa kasi ikipiga honi, na aliyeiendesha akawaachia tusi. Mwalimu hakuwa ameiona mpaka ilipofika ubavuni.

"Imetokea wapi hiyo?"

"Mbele yetu, mume wangu. Barabara yote, na taa imewaka."

Alifungua mdomo amlaumu mwenye pikipiki, halafu wapaka rangi, akaacha, akamgeukia mkewe.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu uliponikuta mlangoni ukaniambia, karibu mama, fundi yupo ndani." Mkewe hakumtazama. "Nilidhani unanitania. Ulivyopita bila kucheka ndipo nikaogopa. Nikaenda kuulizia kliniki ya macho. Wanasema ukiwahi wanaweza kukusaidia, ila ni mbali, na ni safari za mara kwa mara. Na wewe nakujua. Huwezi kukaa kwenye gari la mtu usiyemwamini."

Mwalimu aliona aibu hadi masikio yakamwaka. Wiki nzima ile alikuwa akimhesabia mkewe makosa. Akautoa mguu kwenye breki ya pili, akaukunja chini ya kiti.

"Tazama vizuri," alisema. "Ukiona pako wazi, geuza. Mimi sioni."