Rubani Aliyeuza Siku Zake za Kulala

Mtoto wa marehemu dada yangu ni rubani. Nimemlea mimi tangu hajaota meno, kwa hiyo ananiita mama, nami sikuwahi kumrekebisha. Shule niliishia ya msingi, na mambo ya ndege nayajua kwa kuyasikia mezani tu. Lakini mtu aliyelala nikimwona namjua, na ambaye hajalala pia namjua.

Nilipofiwa na mume wangu akaniambia nihamie kwake. Nyumba ni ya kupanga, jirani na uwanja wa ndege, na ndege ikiruka vioo vya sebuleni vinatetemeka. Mkwe wangu, mke wake, ni mchangamfu, mkono wazi, hana neno na mtu. Walikuwa wanajenga. Nyumba yao ilifika kwenye linta ikasimama hapo, na kila asubuhi wakawa wanaulizana habari zake kama watu wenye mgonjwa hospitalini.

Siku moja nikamuuliza, "Baba, rubani mzima unakosaje hela ya mabati?"

Akacheka. Akavuta vikombe vya chai, akavipanga mbele yangu.

"Tazama, mama. Hiki ni shirika la kwanza. Hawa wanamlipa rubani tangu anaporipoti kazini mpaka anapoondoka. Akikaa chini anasubiri mvua iishe, analipwa. Hiki ni la pili. Wao wanahesabu saa za hewani tu, lakini ukizidisha saa za mwezi, kila inayozidi wanailipa vizuri. Na safari zikiwa chache, kuna kiwango hakishuki."

"Na hiki kilichovunjika mkono?"

"Hicho ndicho sisi. Mshahara mwembamba, na ukichelewa kurudi ni shauri lako. Ila wakikuita siku yako ya mapumziko, wanalipa mara mbili."

"Kwa hiyo tunauza kitanda!" mkwe wangu akadakia kutoka jikoni, na wote wawili wakaangua kicheko.

Ndivyo walivyosema wenyewe kule kazini, kuuza kitanda. Asiyeuza alionekana mvivu, au ana urithi mahali.

Sheria ilikuwepo. Kabla ya kumpa mtu safari ya ziada, mpangaji wa zamu lazima amuulize kwa simu, na simu hiyo inarekodiwa: "Umepumzika?" Akijibu hapana, harushi ndege mpaka daktari amwone. Basi hakuna aliyejibu hapana. Lile swali likawa kama salamu, kama vile mtu ana homa kali na bado anakujibu sijambo.

Nikaanza kuona mambo. Mwanangu alisinzia kijiko kiko mdomoni. Funguo za gari tukazikuta kwenye friji. Asubuhi moja nikamkuta bafuni amesimama na nguo zake, bomba linamwaga maji, yeye anatazama ukuta.

"Baba, u mzima?"

"Nasubiri ruhusa ya kuruka," akajibu.

"Ruhusa ya nani?"

Akashtuka, akafunga bomba, akapita kando yangu anacheka. Mimi sikucheka. Mezani akatusimulia eti yeye na msaidizi wake huwa wanapokezana kusinzia huko juu, na kuna siku kila mmoja alidhani ni zamu ya mwenzake kukaa macho. Mkwe wangu alianza kucheka, halafu kicheko kikamkauka. Tangu hapo kila ndege iliyopita juu ya bati letu ilinikuta nasali, na nilikuwa sisali kwa amani. Nilisali kama mtu anayeshikilia mlango usifunguke.

Nikamwambia mkwe wangu, "Mama, mwambie apumzike. Atakufa huyu, na hatakufa peke yake."

Akaniinamia kwa heshima, lakini neno lake lilikuwa kali. "Mama, mabati hayaezekwi kwa sala. Amalizie tu hili paa, kisha atalala mpaka achoke."

Ikafika Jumamosi moja. Alikuwa amerudi asubuhi na rubani mwenzake wanayemwita Kipara. Walikuwa wamerusha pamoja, wamezungushwa na hali ya hewa, hawajafumba jicho. Akaangukia kochi na viatu vyake. Mchana nikaingia sebuleni kufunga pazia, nikamkuta amekaa wima, amevaa shati la kazi, vifungo vimepishana. Simu iko sikioni.

"Niko tayari," alikuwa anasema. "Ndiyo, nimepumzika. Nakuja."

Nikainama nikaitazama simu. Ilikuwa imezimika, kioo cheusi. Hakuna aliyempigia. Macho yake yalikuwa wazi na hayanioni.

Nikaitoa mkononi mwake taratibu, nikaichomeka kwenye umeme. Haikuchukua muda ikawaka, na ikalia kweli. Mkwe wangu akatokea mlangoni, mikono ina unga. "Ni kazini hao! Mama, mwamshe!"

Nikapokea mimi.

"Kapteni, habari za mchana," akasema dada wa zamu. "Kuna safari, malipo mara mbili. Umepumzika?"

"Mimi ni mama yake. Hajapumzika, mwanangu."

Halafu akashusha sauti. "Mama, tafadhali. Simu hii inarekodiwa."

"Ndiyo maana naongea polepole, isikike. Mtoto huyu hajalala. Anaongea na simu iliyozimika."

Akakata. Mkwe wangu akakaa chini sakafuni kama aliyeletewa msiba. Mwanangu akazinduka, akatutazama, akaelewa. Nilimlea, na sikuwahi kuiona sura ile.

"Mama umenimaliza! Unajua daktari ataniweka chini mpaka lini? Unataka tuishi kwa huu mshahara?"

"Nataka uishi," nikasema.

Akazungukazunguka kama saa nzima, kisha akasimama ghafla. "Safari wamempa nani?" Akaulizia. Wamempa Kipara.

Hasira ikamtoka usoni, ikabaki hofu. Akampigia. Kipara alikuwa ameshazima simu, kama wanavyofanya wakishakaa kwenye viti vyao. Punde vioo vikatetemeka. Tukabaki sote watatu sebuleni, hakuna aliyewasha hata taa, jua likashuka dirishani.

Magharibi simu ikalia. Kipara! Mwanangu akaiweka sauti ya nje tusikie sote.

"Ndugu yangu, asante kwa kuniachia!" Alikuwa anacheka, lakini ulimi ulikuwa mzito kama wa mlevi, na huyu bwana hanywi. "Wanapakia abiria hapa, nageuza narudi."

"Umetua vizuri?"

"Kama manyoya."

"Ulitua kwenye barabara ipi ya ndege, mpya au ya zamani?"

Tukasikia watu wanapita, mikokoteni ya mizigo inakwaruza. "Barabara... ngoja." Mkokoteni mwingine ukapita. "Ngoja nimuulize msaidizi." Kisha akacheka. "Si tuko chini? Tutaonana." Simu ikakatika.

Mwanangu akakaa na ile simu magotini. Mkwe wangu akamgusa bega. "Mume wangu, usiingilie. Ukisema ya Kipara watauliza na ya kwako. Leseni itakwenda."

"Najua."

"Na ile nyumba?"

Mwanangu akapiga simu ofisini. Yule dada alipopokea, mwanangu akataja jina lake kamili na namba yake ya kazi, kama mtu anayeapa, akasema ile ndege isiruke. Akaulizwa kwa nini. Akafumba macho, akaanza kueleza, tangu siku ya kwanza aliyojibu amepumzika akiwa hajapumzika. Mkwe wangu akaegemea ukuta, kanga mdomoni. Mimi nilipiga magoti pale pale kwenye zulia, maana hatukujua kama kule milango ya ndege ilikuwa imeshafungwa.